Kisu kinapolia kwenye ini

Jumamosi ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, simu iliita. "Mjomba, upo wapi? Njoo Msalato, mbuzi ameshalala." Huyo ni kaka wa mwisho wa mama yangu, na sisi wawili tunaitana mjomba tangu nikiwa natambaa. Kwa wasioijua Dodoma: Msalato kuna mnada wa Jumamosi, barabara ya kwenda Arusha. Wapo wanaokwenda kununua ng'ombe, wapo wanaokwenda kuchambua mitumba, na tupo tunaokwenda kula halafu nyumbani tunasema tulifuata ndoo.

Nilimkuta ameshaagiza maini. Mjomba huanza na maini siku zote, vipande vya ukubwa wa kidole gumba, chumvi, ndimu, pilipili pembeni. Mkono wa pili ulishika chupa, na haikuwa ya kwanza. Mwezi wa tatu alifanyiwa kipimo cha ultrasaundi, daktari akamwambia ini limeanza kukakamaa. Kwa hiyo niliitazama ile chupa kidogo tu, lakini akaniona.

"Usinitazame hivyo. Wewe si ndiye dokta wa ng'ombe? Hujui kwamba ini huota? Ni kama mkia wa mjusi, mjomba. Ukikatika leo, wiki ijayo una mwingine."

Wenzake wawili pale benchini wakacheka. Mmoja akasema ni kweli kabisa, alisikia kwenye redio.

Nilijibu neno moja tu, "Haya," kwa sababu mbele ya rafiki zake mjomba habishiwi. Nimeondoka pale nimejaa maneno hadi kooni. Nayamwaga hapa.

Kwanza, mimi si dokta, si wa ng'ombe wala wa watu. Ni mkaguzi wa nyama. Nilisomea Mpwapwa, mji ambao Wajerumani waliweka maabara ya mifugo tangu mwaka 1905, na hadi leo ukikaa pale miaka miwili unatoka unanuka dawa ya kuogeshea. Kazi yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Gambuti, koti jeupe ambalo halibaki jeupe, visu viwili, kinoo, muhuri. Mwezi wa saba pale machinjioni kuna baridi inayokufanya uonee wivu nyama iliyochunwa sasa hivi, maana yenyewe bado ina joto.

Kiungo ninachokijua kuliko vyote ni ini. Moyo unaupasua, unatazama, unapita. Mapafu hukupa taabu siku moja moja. Ini ndilo lenye hadithi kila siku. Halikaguliwi kwa macho peke yake: unalitazama pande zote, unalipapasa kwa kiganja kizima, unapasua tezi zilizo langoni mwake, kisha unakata mfereji mkubwa wa nyongo. Hapo ndipo kisu husema. Ini zima, kisu hupita kimya kama kwenye papai. Ini lililokaliwa na minyoo bapa kwa miaka, kuta za mfereji zimeshakuwa ngumu na zimeshika chokaa, kisu hulia. Kinatoa sauti ya mchanga. Mwanafunzi akija kwangu kwa mazoezi, namwambia afumbe macho asikilize kwanza.

Mwaka wangu wa pili kazini lilipita ini ambalo sikulielewa. Ng'ombe dume, mzee, ametoka sehemu za mabondeni zenye madimbwi na konokono. Upande wa kushoto wa ini ulikuwa umesinyaa na kukauka kama ulimi uliosahaulika juani. Upande wa kulia ulikuwa mnene, wa mviringo, umevimba kupita saizi yake. Nilidhani ni uvimbe. Mkaguzi niliyekuwa chini yake, mzee aliyekaribia kustaafu, alilipindua mara moja tu akasema: "Hili limehama. Kushoto pamekufa, kulia pamebeba mzigo." Akalikata vipande, likaenda shimoni, tukaendelea na mwingine.

Neno lile, limehama, lilikaa nami. Baadaye sana nilikuja kugundua kwamba vitabu vya magonjwa ya mifugo vinaeleza jambo hilohilo kwa ng'ombe na kondoo wenye minyoo ya ini ya muda mrefu: upande wa kushoto hupungua, wa kulia huongezeka kufidia. Yule mzee alikuwa amelisoma kwa vidole.

Nisingelifuatilia zaidi ya hapo kama si mwaka 2016.

Wengi wa mkoa huu mnaukumbuka. Katikati ya mwaka ule watu wa Dodoma na Manyara walianza kuugua ugonjwa usiojulikana: tumbo kuuma na kujaa, kutapika, macho ya njano. Kulikuwa na maneno ya kila namna, wengine wakataja uchawi, wengine maji. Baadaye vipimo vikaonyesha ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Walioorodheshwa ni wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki.

Wawili kati ya waliougua walikuwa ndani ya nyumba ya mamdogo, huko wilaya ya Chemba. Mamdogo mwenyewe, na mjukuu wake wa miaka minne. Walikuwa wakila ugali wa gunia moja, mahindi yaliyovunwa yakiwa hayajakauka vizuri na kulazwa chini kwenye sakafu ya udongo. Mtoto alitangulia. Sitaandika zaidi kuhusu hilo. Mama yake husoma ninachoandika.

Mamdogo alilazwa. Nilikwenda kumwona, nikamkuta macho yana rangi ya manjano ya kupikia pilau, ngozi inamuwasha, hajitambui vizuri saa nyingine. Muuguzi mmoja aliniambia kwa upole kwamba hakuna dawa inayoiondoa sumu ile mwilini. Wanampa maji, wanaangalia sukari, wanasubiri. Nikauliza, wanasubiri nini? Akasema, "Ini lenyewe, dada."

Na ini lenyewe likaja. Wiki ya pili njano ikaanza kupungua. Wiki ya tano mamdogo alikuwa anagombana na wifi yake kuhusu kuku. Hadi leo yupo, analima, anaimba kwaya, na ukimsalimia "mbukwenyi" anakujibu kwa sauti inayofika kwa jirani.

Nilirudi machinjioni nikiwa na swali ambalo sikuweza kuliacha. Ng'ombe yule ini lilihama. Mamdogo ini lilirudi. Nani aliliambia lirudi?

Mtoto wa dada yangu anasoma udaktari pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilimsumbua. Alinitumia mafaili, mimi nikanunua bando, tukawa tunabishana kwa ujumbe wa sauti usiku. Mengi sikuyaelewa mara ya kwanza, na mengine nilimlazimisha anieleze kana kwamba mimi ni mteja wa bucha. Haya ndiyo niliyobaki nayo.

Kiswahili tunasema mtu amekukata maini, yaani amekuumiza kwa maneno. Mwaka 1931 huko Marekani wapo waliokata maini kweli. Higgins na Anderson waliwafungua panya weupe, wakawatoa theluthi mbili za ini, wakawashona. Panya wakaishi. Baada ya wiki moja au siku kumi ini lilikuwa limerudia uzito wake wa awali. Jaribio hilo hadi leo hurudiwa kwenye maabara kwa namna ileile, maana ni safi: unakata, unahesabu siku, unapima.

Hapa ndipo mjomba anapokosea kuhusu mjusi. Ini la panya lina ndewe kadhaa, yaani sehemu zake kubwa zilizogawanyika, na zile zilizokatwa hazioti tena. Hazirudi kabisa. Zinazobaki ndizo zinazonenepa hadi uzito utimie. Umbo la zamani limekwenda, kazi inafanyika. Pale kwetu wachinjaji wakiwa watano na wawili wasitokee, watatu waliobaki hufanya kazi ya watano mpaka ng'ombe waishe. Hakuna anayeota mikono mipya. Ni lilelile la yule mzee: kushoto pamekufa, kulia pamebeba.

Lakini nani hupiga filimbi? Seli za ini la mtu mzima kwa kawaida zimelala, hufanya kazi zao lakini hazigawanyiki ovyo. Ukikata, ndani ya siku moja kwa panya nyingi zimeshaanza kunakili vinasaba vyake tayari kugawanyika. Mwaka 1967, Moolten na Nancy Bucher waliunganisha mishipa ya panya wawili ili damu izunguke kwa wote. Mmoja akakatwa ini. Yule mwingine, ambaye ini lake halikuguswa hata na kucha, ini lake nalo likaamka. Kwa hiyo ujumbe ulikuwa kwenye damu. Jaribio hili nilimsimulia mamdogo siku moja tukichambua mlenda, akanyamaza kidogo, akasema, "Kama mapacha."

Kuutafuta ujumbe wenyewe ndani ya damu kulichukua miaka mingine. Watu tayari walikuwa wanajua kwamba mwilini kuna protini ambazo seli hutoleana kama amri ya kukua. Tuziite vichocheo vya ukuaji. Moja ya kwanza kabisa kujulikana ilitoka mahali nisipopatarajia: kwenye tezi za mate za panya. Stanley Cohen aliitoa huko, na alipowadunga panya wachanga, macho yao yalifunguka mapema kuliko kawaida. Alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1986 na Rita Levi-Montalcini. Kichocheo hicho, EGF, kinazisukuma pia seli za ini. Mate ya panya! Mimi ninayefukuza panya stoo kila wiki.

Kile cha ini hasa kilikuja mwaka 1984. Japani, Toshikazu Nakamura na wenzake walikipata kwenye damu ya panya waliokatwa ini. Marekani, George Michalopoulos na wenzake walikuwa wakifuata nyayo hizohizo. Wanakiita HGF, kichocheo cha ukuaji wa seli za ini. Mwaka 1988 watafiti wa Japani wakakisafisha kutoka kwenye damu ya mgonjwa ambaye ini lake lilikuwa limefeli ghafla. Niliposoma hilo niliweka simu chini. Kwa hiyo na mamdogo, akiwa amelala pale hajui hata siku ya wiki, damu yake ilikuwa imejaa kilio hicho.

Kuna jambo kuhusu HGF ambalo nalipenda, ingawa mpwa wangu huniambia si muhimu kihivyo. Seli za ini hazijitengenezei kichocheo hiki zenyewe. Kinatengenezwa na majirani: seli zinazotanda kuta za mishipa midogo ya damu ndani ya ini, na seli nyingine zenye umbo la nyota zinazotunza vitamini A. Kingi huwekwa akiba kwenye kiunzi, yaani ule utando unaoshikilia seli, kikiwa kimelala. Ini likijeruhiwa, kimeng'enya fulani hukikata mahali pamoja na kukiamsha. Kisha kinabisha hodi kwenye mlango ulio juu ya seli ya ini, mlango uitwao MET. Kabla ya hapo walinzi wa ini, seli za Kupffer, huwa wameshapiga kelele kwa kutoa ujumbe wa dharura. Ujumbe mmoja kati ya huo unaitwa IL-6. Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba panya waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza IL-6 wakikatwa ini, ini haliamki sawasawa na wengi hufa. Kwanza kelele za kuamsha, halafu amri ya kazi. Kama nyumba yoyote ya Kigogo msimu wa kulima.

Na kuna amri ya kuacha. Hili ndilo lililoniumiza kichwa kuliko yote. Ini lijuaje kwamba limetosha? Linajua. Mwaka 1992, huko Pittsburgh, Thomas Starzl na wenzake walimpandikizia mtu ini la nyani. Mgonjwa aliishi siku 70, na ndani ya muda huo lile ini dogo la nyani likakua kufuata mwili wa binadamu. (Nyani ninaowajua mimi ni wale wanaomaliza mahindi ya watu, sikuwahi kuwafikiria kwa upande huu.) Kipo kichocheo kingine, TGF-beta, ambacho huziambia seli za ini basi, inatosha. Kama kungekuwa na haki duniani, kingefanya hilo tu.

Lakini TGF-beta huyohuyo ndiye huziambia zile seli za nyota ziache kutunza vitamini zianze kufuma kovu. Jeraha moja, kovu dogo, linafumuliwa baadaye, sawa. Jeraha kila siku, kwa miaka, iwe ni kwa pombe, kwa virusi vya homa ya ini, kwa mafuta, au kwa minyoo kama ya ng'ombe wangu, ufumaji hausimami. Kiunzi chenyewe kinageuka kovu. Na amri ya kuota bado inakuja! Seli zinaitii, zinagawanyika, ila sasa zinakua ndani ya vyumba vilivyozungushiwa kovu, vinundu vinundu, damu haipiti vizuri. Nimewahi kulipapasa ini la namna hiyo. Chini ya kiganja ni kama umeshika mfuko wa kunde.

Mjomba, ungekuwa umekaa hapa ningekushika mkono. Ini lililosinyaa halikushindwa kuota. Lilikuwa linaota muda wote.

Hiyo ndiyo tofauti yako na mamdogo. Yeye alipigwa pigo moja kubwa, kisha gunia likachomwa. Kiunzi chake kilibaki kimesimama, seli zikaota juu yake. Ndiyo maana pia mtu mzima mwenye afya anaweza kumpa nduguye zaidi ya nusu ya ini. Tangu mwaka 1989 wazazi wamekuwa wakiwapa watoto wao vipande, na ini la mtoaji hurudia sehemu kubwa ya ukubwa wake ndani ya miezi michache. Kisu cha daktari ni pigo moja, tena safi. Chupa ya kila Jumamosi, na ya Jumanne, na ile ya msibani, ni kitu kingine.

Mpwa wangu anasema hapa lazima niongeze, basi si wamdunge tu mjomba HGF? Nami niliuliza hivyohivyo. Mwaka 1999 watafiti wa Japani waliweka jeni ya HGF kwenye misuli ya panya wenye ini la makovu, na makovu yakapungua, panya wakaishi. Nilishangilia peke yangu jikoni. Kisha nikasoma ukurasa uliofuata. HGF yenyewe ukiidunga kwenye damu hukaa dakika chache tu. Na ule mlango wa MET uligunduliwa kwanza kwenye seli za saratani. Saratani nyingi huutumia kukua na kuhama. Ini lenye makovu tayari lina hatari ya kuota saratani. Kumpigia kelele ya "kua, kua" mtu ambaye ndani ya ini lake kuna seli moja iliyokwisha kuharibika ni kumwaga mbolea shambani bila kujua umepanda nini.

Nalisema hili kwa sababu ya yule kijana aliyepanda basi letu la Kondoa mwezi uliopita, na chupa zake za maji ya kijani. "Inasafisha ini, inaotesha ini, inaondoa mafuta, elfu kumi, wawili elfu kumi na tano." Alikuwa na picha ya ini kwenye karatasi ngumu, na kwa heshima zote, lilikuwa ini la nguruwe, lile umbo la ndewe zake nalijua hata gizani. Nilimwuliza ndani mna nini. Akaniambia ni siri ya babu. Abiria watatu walinunua. Mmoja alikuwa mama mwenye tumbo lililojaa maji, na macho yake sikupenda rangi yake. Sikuthubutu kusema kitu mbele ya watu, na hilo linanikera hadi leo kuliko yule kijana.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu sumukuvu, halafu nitanyamaza. Ini lenyewe ndilo huigeuza kuwa kali. Inaingia kutoka tumboni ikiwa na ubaya wake, ini linajaribu kuisafisha kama linavyosafisha kila kitu, na katika kusafisha huko linatengeneza kitu kinachong'ang'ania vinasaba vya seli zake. Kazi nzuri inageuka kisu. Na ukila kidogo kidogo kwa miaka, bila hata kuumwa, ndipo saratani ya ini hupata mlango, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Ulimwengu uliijua sumu hii mwaka 1960, Uingereza, batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Nilipoisoma nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Miaka 13 kabla ya hapo, Waingereza haohao walikuja Kongwa na matrekta kulima karanga za kumaliza njaa yao ya mafuta. Ardhi yetu ikavunja majembe yao, mvua ikakataa, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Bibi yangu mzaa baba alikuwa binti wakati huo. Alisema trekta lilipita juu ya mbuyu mdogo na mbuyu ukainuka tena.

Mamdogo sasa anakausha mahindi juu ya turubai, anayageuza, na anayatia kwenye ile mifuko ya matabaka matatu inayobana hewa. Yaliyovunda hayapi hata kuku, maana kuku tunamla na mayai yake tunayala. Na amerudia mtama kwa sehemu kubwa. Anasema mahindi ni ya wageni. Kuna siku aliniuliza, kwa sauti ya chini kama anayeuliza jambo la aibu, ini lake kwa sasa likoje. Nikamwambia sijui, sijawahi kulikagua. Akacheka hadi akakaa chini. Kisha akauliza kama lingekuwa la ng'ombe ningelipiga muhuri. Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na uhakika, lakini ndiyo.

Nimekuwa nikiyaandika haya tangu Jumapili, robo robo, nikitoka kazini. Jana ilikuwa Jumamosi tena, simu ikaita tena, na nikaenda. Mjomba alikuwa benchi lilelile, maini yamewekwa mbichi kwenye sinia yakisubiri moto, na mbele yake soda ya machungwa imefunguliwa, imejaa, kama mtu aliyeniandalia mtihani. Nikakaa. Nikamwomba mchomaji kisu chake. Kipande kimoja kilikuwa na mfereji, nikaupasua pale mezani mbele ya wote, wenzake wakanyamaza kusikiliza, nami nikasikiliza. Kisu hakikulia.

"Safi?" mjomba akauliza.

"Safi," nikamwambia. "La mbuzi."

Akatabasamu, akasogeza mguu kunipisha. Chini ya benchi, nyuma ya kisigino chake cha kushoto, chupa ikaanguka ikabingirika taratibu hadi kwenye miguu yangu.